Umechezea mipangilio ya gari, sasa taa hazizimi

Vile vifaa vidogo vya bluetuthi vinavyochomekwa chini ya usukani vimeshafika mpaka kwetu Bariadi. Mtu anapakua programu kwenye simu, anakaa ndani ya Toyota IST yake jioni, anaanza: mlio wa mkanda nje, milango ijifunge yenyewe gari likianza kutembea, taa za mbele zichelewe kuzima ukishashuka. Gari ni lako, hakuna ubaya. Shida ni asubuhi, unapowasha na dashibodi inakuwakia kama duka la sikukuu. Na Mwanza kwa fundi mwenye mashine si karibu: kuna kama kilomita 70 mpaka Lamadi, halafu bado Magu. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu kwa fundi, pitia haya.

1. Pima betri kabla ya kitu kingine chochote. Hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa, wala siyo kwenye ulichobadilisha. Ukibadilisha mipangilio, swichi huwa imewashwa lakini injini imezimwa. Redio inaimba, feni inazunguka, taa zinawaka, na wewe unasoma menyu taratibu. Betri inashuka bila kukuaga. Umeme ukipungua, kontroli boksi, yaani kompyuta za gari, zinaanza kukatikiana mawasiliano, na kila moja inaandika malalamiko dhidi ya mwenzake.

Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6. Ukiona 12.2 au chini, imebaki nusu au pungufu. Injini ikinguruma, tarajia kati ya 13.5 na 14.5, ikikaa chini ya hapo, kagua alternata. Mita ya kupimia si ghali, na wanaouza vifaa vya sola wanazo. Na kumbuka jua hili la Simiyu: joto huua betri haraka kuliko baridi, hasa vile vibetri vidogo vya IST na Passo. Chaji vizuri, washa gari, tembea nalo kidogo, kisha soma upya. Usishangae ukikuta nusu ya makosa yameondoka yenyewe.

2. Kichomoe kile kifaa cha bluetuthi. Tundu lile la chini ya usukani lina pini 16, na ile ya 16 ina umeme saa zote, hata gari likiwa limefungwa na ufunguo uko mfukoni. Kifaa kikilala humo kinanyonya betri usiku kucha. Vya bei chee vina ubaya mwingine: vinaweza kuropoka kwenye waya wa mawasiliano na kuzivuruga boksi zinazoongea. Kichomoe, zima, funga milango, liache gari dakika kumi hivi, kisha piga stata.

3. Kirudishe kifaa, soma, piga picha, ndipo ufute. Kitufe cha kufuta kinatamanisha kuliko vyote, lakini ukikibonyeza mapema umefuta ushahidi. Kila namba ya hitilafu huanza na herufi. P ni injini na gia boksi, B ni mambo ya bodi kama milango na ebagi, C ni chasisi, breki zikiwemo, na U ni mawasiliano baina ya boksi. U0100, kwa mfano, maana yake boksi nyingine zimeipoteza ya injini. Ukikuta U nyingi kwa mpigo baada ya kuchezea mipangilio, rudi namba 1, mara nyingi ni umeme huo. Ukikuta P0171, hiyo ni injini kupata hewa nyingi kuliko petroli. Huo si mkono wako. Kagua mipira ya hewa kama imepasuka, na senza ya hewa kama imejaa vumbi la barabara za Meatu. Magari nayo yana tabia ya kuharibika siku ile ile uliyoyagusa.

4. Rudisha kimoja kimoja. Kama ulipiga picha za mipangilio ya zamani, kazi ni rahisi: anza na cha mwisho ulichogusa, rudi nyuma, na kila ukirudisha kimoja, zima, washa, tazama. Kama hukupiga picha, usikimbilie kunakili mipangilio yote ya gari la jirani hata kama yanafanana rangi. Lake linaweza kuwa na taa za ukungu na lako halina. Ukiliambia gari lako linazo, litatafuta balbu isiyokuwepo na kulalamika kila asubuhi. Halafu indiketa zinazopepesa haraka baada ya kuweka balbu za LED hazihusiani na programu yoyote. Balbu hizo zinakula umeme kidogo, gari linadhani moja imeungua.

5. Kuchomoa betri si dawa ya kila kitu. Vijiweni hili ndilo jibu la kwanza, na mara nyingi halitibu. Ulichobadilisha kimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, utakikuta palepale. Utakachopoteza ni saa, stesheni za redio na vile injini ilivyojifunza sailensa yake, kwa hiyo mzunguko utapanda na kushuka mpaka ijifunze upya. Kioo cha dereva nacho kinaweza kugoma kupanda kwa mguso mmoja. Kwenye Toyota nyingi, kishushe nusu, vuta swichi mpaka kifunge, na uendelee kuishikilia sekunde moja au zaidi.

Mtego mkubwa ni redio. Redio nyingi za Toyota zenye ramani za Japani hujifunga zikikosa umeme, kisha zinakudai kadi ya ramani au namba ya siri, kwa Kijapani. Kama kadi ya gari lako ilishapotea bandarini, fikiri mara mbili. Ukilazimika, toa hasi kwanza, na usiguse waya wowote wa ebagi kabla sekunde 90 hazijapita.

6. Programu haioni gari? Kama taa ya kifaa haiwaki kabisa, kagua fyuzi. Kama inawaka lakini haiungi, huenda umri wa gari ndio sababu. Marekani ililazimisha mfumo huu wa tundu na namba za hitilafu tangu 1996, Japani ikachelewa sana, na IST za mwanzo zilizotengenezwa kwa soko la kwao zina lugha yao. Ndani ya programu tafuta chaguo la Toyota za Japani. Vifaa vya bei chee vitumie kusomea tu. Kuandika kunataka kifaa cha maana.

7. Ebagi, ABS, imobilaiza na kilomita za dashibodi: acha. Na kama unaendesha basi, kile kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo nacho si cha kuchezea.

8. Ukishindwa, mwambie fundi ukweli wote tangu mwanzo: ulitumia programu gani, ulibadilisha nini, betri ilisoma ngapi. Mwoneshe picha za namba za hitilafu. Mwombe aunge chaja kabla ya kuwasha mashine yake. Akitaka kukuuzia kontroli boksi nyingine kabla hajapima hata volti, chukua ufunguo wako.