Mti wa Kaiija: Wazee wa Buhaya na Watafiti wa Mambo ya Kale

Katika kijiji cha Katuruka, kusini ya mji wa Bukoba, palikuwapo mti mkubwa ulioheshimiwa sana na watu wa pale, ukiitwa Kaiija. Maana ya jina hilo katika Kihaya ni mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe, mmoja wa wafalme wa nasaba ya Bahinda waliotawala Kyamutwara, aliwakusanya wahunzi chini ya mti huo na kuwaamuru wafue chuma kingi. Kwa chuma hicho alijenga mnara mrefu ili apate kuona mbinguni kulivyo. Orodha za wafalme, zikihesabiwa kizazi kwa kizazi, humweka Rugomora Mahe katika karne ya 17.

Habari ya mnara wa kufikia mbinguni humfanya mtu aliyezoea vitabu atabasamu na kufunua ukurasa mwingine. Kwa muda mrefu wanahistoria wengi walifanya hivyo hivyo: masimulizi ya wazee yalitiwa katika fungu la ngano, na historia ya Afrika ikasemwa kuwa imeanza pale wageni wenye kalamu walipofika. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti katika Kongo na Rwanda, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba masimulizi yanaweza kupimwa na kulinganishwa kama hati nyingine yoyote. Swali lililobaki ni hili: yapimwe kwa kitu gani, ikiwa hakuna maandishi ya wakati ule?

Mwaka 1969 alifika Buhaya mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Peter Schmidt. Desturi ya wataalamu wa mambo ya kale wakati huo ilikuwa kutembea mashambani wakitafuta vigae na mawe yaliyochongwa, kisha kuchimba palipoonekana pana dalili. Schmidt alianza kwa kuketi na wazee. Wao ndio waliompeleka Katuruka na kumwonyesha mipaka ya makao ya Rugomora Mahe, na mahali ambapo wahunzi walifanyia kazi karibu na mti. Kwa maneno mengine, ramani ya machimbo ilichorwa kwa mazungumzo.

Palipochimbwa, ardhi ilitoa mabaki ya kazi ya chuma: makaa, mavi ya chuma (yaani uchafu unaojitenga na chuma wakati wa kuyeyusha), na matofali ya udongo yaliyochomwa. Pamoja navyo vilitoka vigae vya aina ya Urewe. Vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali katika Nyanza ya Kenya, vilielezwa kitaalamu mwaka 1948, na vingi hutambulikana kwa kibonyeo kidogo kilichotiwa kwa kidole katika kitako. Ni alama ya wakulima na wahunzi wa kwanza wa nchi zilizozunguka Ziwa Viktoria. Wazee, basi, walikuwa wamesema kweli: chini ya Kaiija palifuliwa chuma.

Lakini makaa yalipopimwa umri, baadhi ya majibu yalirudi nyuma hadi karibu mwaka 500 kabla ya kuzaliwa Kristo. Kati ya mwaka huo na Rugomora Mahe kuna zaidi ya miaka 2,000.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kutazama namna makaa yanavyopimwa, kwa kuwa ugomvi mwingi wa wataalamu umetokana na jambo hili. Mti ulio hai hupokea kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni kaboni 14, ambayo huoza polepole kwa kutoa mionzi. Mti ukifa, haupokei tena. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu ya kaboni 14 iliyokuwamo; kaa la miaka 2,500 limebakiwa na takriban asilimia 74. Njia hii ilivumbuliwa na Willard Libby na wenzake wa Marekani, ikatangazwa mwaka 1949, na Libby akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Ni njia nzuri, ila ina mitego miwili. Kwanza, hupima wakati ambapo mti uliota, si siku ulipochomwa. Mhunzi akitumia gogo la mti uliokwisha kuishi karne nyingi, tanuru lake litaonekana la kale kuliko lilivyo. Pili, kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa sawa nyakati zote. Kwa bahati mbaya, kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo, badiliko lake lilikuwa la namna ambayo vitu vya miaka tofauti sana hutoa jibu moja. Tarehe za kale za Katuruka zimeangukia humo humo. Ndiyo maana wako wataalamu wanaozikubali, na wako wanaosema chuma cha Buhaya kisirudishwe nyuma kiasi hicho mpaka upatikane ushahidi mwingine.

Hata tarehe zikishushwa kwa karne kadhaa, hata hivyo, fumbo la Kaiija halifumbuki. Wazee walijua mahali kwa usahihi, lakini wakataja mfalme ambaye hakuwa amezaliwa. Imekuwaje?

Maelezo ya Schmidt ni ya kisiasa. Bahinda walipotwaa utawala walikuta koo zilizotangulia, zenye wahunzi na mahali pao patakatifu. Mfalme mgeni hapati heshima kwa mkuki peke yake. Alijenga makao yake pale pale, na jina lake likashikana na sifa ya kale ya mahali, hata vizazi vilivyofuata vikasema kwamba yeye ndiye aliyeleta kazi ile. Kwa maelezo haya kumbukumbu ya Kaiija ni ya kale kweli kweli. Kilichobadilika ni jina la mwenyewe tu. Maelezo ya pili yanatoka kwa Vansina mwenyewe, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1985 alieleza jinsi watu wanavyotunga habari ili kufafanua kitu wanachokiona. Mkulima anayepanda migomba Katuruka hugonga mavi ya chuma kwa jembe lake. Atauliza yametoka wapi, na jibu litatafutwa kwa mfalme mashuhuri aliye karibu. Katika maelezo haya hakuna kumbukumbu ya miaka 2,000. Kuna watu wenye macho na akili, waliosoma ardhi kabla ya mtaalamu kuja kuisoma. Maelezo yote mawili yanapatana na yaliyochimbuliwa, na mwalimu atafanya vema akiwaachia wanafunzi wayagombanie darasani. Hata hivyo, jina la Kaiija lenyewe, na ibada zilizofanywa pale, huupa upande wa kwanza uzito zaidi. Vipande vya mavi ya chuma viko katika mashamba mengi ambayo hayakupata kuwa matakatifu.

Mazungumzo ya pili yalihusu ufundi. Uyeyushaji wa chuma katika Buhaya ulikuwa umekwisha kwa miongo kadhaa, baada ya majembe na vyuma vya bei nafuu kuletwa kwa meli, lakini wazee walioufanya ujanani walikuwa hai bado. Kuanzia mwaka 1976 Schmidt na Donald Avery, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wajenge tanuru tena na kuyeyusha mbele yao. Wazee walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto, wakachoma ndani yake matete ya bwawani hata yakawa makaa. Juu walijenga kuta kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani. Hewa ilivuviwa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo, na mirija hiyo ilisukumwa ndani kabisa ya tanuru, haikuishia ukutani. Matete nayo hayakuwa kuni tu: uchafu ulioyeyuka, ukiwa bado na oksidi ya chuma, ulichuruzika juu ya kaboni yake, na kaboni ikaondoa oksijeni na kuacha chuma. Mtafiti aliyeona jambo hilo kwa macho alijua la kutafuta katika machimbo.

Katika taarifa yao iliyochapwa katika jarida la Science mwaka 1978, Schmidt na Avery walisema kwamba mirija iliyo ndani ya moto iliipasha hewa kabla ya kufika kwenye makaa, kwamba wahunzi wa Buhaya walitumia ufundi huo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na kwamba walitoa chuma cha pua. Habari hizo zilienea katika magazeti ya nje kwa vishindo. Mwaka 1986 J. E. Rehder alipinga: kwa hesabu zake, hewa inayopita upesi ndani ya mrija wa udongo haipati joto la kutosha kuleta tofauti iliyodaiwa. Mabishano hayo ni ya fizikia hasa, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuyafuata. Hayapunguzi lolote katika ustadi wa wazee, ambao pua yao ilionekana na kupimwa.

Jambo moja lilikosekana katika mazungumzo ya 1969 na 1970: karibu wasemaji wote walikuwa wanaume. Schmidt aliporudi Katuruka miaka karibu 40 baadaye, wazee wengi walikuwa wamefariki, baadhi yao kwa ukimwi, ulioipiga Kagera mapema na kwa ukali. Mwaka 2008 wanakijiji walikuwa wenyewe wameazimia kuhifadhi mambo yao ya kale, wakawa ndio waulizaji. Ndipo ilipoonekana jinsi wanawake walivyokuwa walinzi wa habari ambazo hakuna aliyewauliza.

Shule iliyo popote inaweza kuanza kazi kama hii bila fedha. Kila mzee aulizwe peke yake kwanza, mwanamke na mwanamume, kwa lugha anayoijua zaidi, na maneno yake yaandikwe katika lugha hiyo kabla ya kutafsiriwa. Aulizwe alisikia kwa nani. Swali lisimtie jibu mdomoni. Pia ichunguzwe kama habari ilitoka kitabuni: katika Buhaya kitabu cha Lwamgira juu ya wafalme wa Kiziba kilichapwa mwaka 1949, na orodha ya mzee yaweza kuwa ni ya kitabu, si ya babu yake. Kuchimba si kazi ya wanafunzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yataka kibali. Kigae kikionekana njiani kiachwe pale pale kilipo, mahali pake paandikwe katika ramani ya darasa, na habari ipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya.