Nabii Eliya chini ya mti: somo juu ya mawazo mengi



Hapa Dilala, mtu akikonda au akiacha kusema na wenzake, jirani zake huulizana, na jibu huwa fupi: "Ana mawazo." Hawasemi kwamba ana ugonjwa, wala kwamba ametenda dhambi. Wasema amebeba fikira nyingi kupita nguvu zake. Leo tujifunze habari ya mzigo huo, na namna ya kuutua ungali mwepesi.

Mawazo hayo yatoka wapi? Baba aenda machimboni alfajiri asijue kama jioni atarudi na fedha au na vumbi tu. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilikataza kobalti isipelekwe ng'ambo, na ilipofungua tena mwezi wa Oktoba iliweka kipimo. Katika mji wetu wa Kolwezi habari kama hiyo huingia mpaka jikoni. Mama ahesabu unga wa bukari, makala, na minervali ya mtoto wa sekondari. Usiku mtoto mdogo ashikwa na homa. Hakuna hata moja kati ya hayo liwezalo kumwangusha mtu mzima. Lakini huja pamoja, na kesho yake hurudi.

Mwaka 1936 daktari mmjoa aitwaye Hans Selye, aliyefanya kazi huko Montreal katika nchi ya Kanada, aliandika juu ya jambo hilo. Aliwatazama panya waliotaabishwa kwa baridi, kwa majeraha na kwa kazi nzito, akaona mwili ukipita hatua tatu. Kwanza hushtuka. Kisha hustahimili, hata kwa nje waonekana mzima. Mwisho nguvu humwishia. Hatua ya pili ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa maana mtu husema "mimi si kitu", na huku halali vizuri, kichwa chamgonga, tumbo lamsumbua, naye awakaripia watoto kwa neno dogo.

Basi, tumtazame nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alikuwa mtu hodari. Alikuwa amesimama mbele ya mfalme na mbele ya manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Malkia Yezabeli akaapa kumwua, naye akakimbia. Angalieni alivyofanya: alipofika Beersheba alimwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtwalie roho yake. Kisha akalala usingizi.

Je, Mungu alimkemea? Hakumkemea. Alimtuma malaika amguse na kumwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, na mtungi wa maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Wala malaika hakumzuia kulala. Mara ya pili akamwamsha ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Mimi napenda sana mahali hapa. Hakuna hotuba hata moja mpaka nabii ameshiba na kupumzika. Sisi tukimwona mtu amelemewa, mara nyingi twaanza na mashauri, na chungu hatukiteleki.

Ndipo akatembea siku arobaini mpaka mlima Horebu. Huko Mungu akamwuliza afanya nini pale. Eliya akamweleza taabu yake yote, na ya kwamba amebaki peke yake. Baadaye akaulizwa neno lile lile, akajibu maneno yale yale, na Mungu akamsikiliza mara ya pili. Kisha akampa kazi ya kufanya, akamjulisha kwamba wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti, akampa na mwenzi, Elisha, aliyekuwa akilima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe.

Tufanyeje nasi? Jioni, kabla ya sala, keti kitambo kidogo. Vuta pumzi polepole mara kadhaa. Taja kila wazo kwa jina lake: deni la duka, homa ya mtoto, ugomvi na shemeji. Wazo lisilo na jina hukua gizani. Halafu chagua moja tu, uangalie ni hatua gani ndogo iwezekanayo kesho asubuhi. Mengine mkabidhi Mungu, ulale. Dominika ni siku ya kupumzika. Hiyo nayo ni amri, si zawadi ya wavivu.

Tena umwambie mtu. Huko Zimbabwe, ambako Washona huyaita mawazo mengi kufungisisa, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wazee kuketi na wagonjwa wa mawazo juu ya benchi la mbao, nje ya zahanati. Bibi husikiliza, kisha husaidia kuchagua taabu moja na kutafuta njia yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa hivyo walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Mabibi wa namna hiyo hata Dilala wako, na benchi si kitu cha gharama.

Asiyetua mzigo wake hutafuta pa kuutupia. Mmoja hununua lutuku, na fedha ya unga yaisha. Mwingine husema amelogwa, akamnyoshea kidole mama mkwe au mtoto yatima wa nyumbani. Hili ni ovu kubwa, na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 humwadhibu amsingiziaye mtoto ulozi. Mawazo yana sababu zake. Mtoto yule siyo sababu.

Na mtu asiyelala majuma mawili, au asemaye kama Eliya kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe kwa muuguzi wa dispanseri, na Padre aarifiwe. Wala msimwambie ana imani haba. Eliya alikuwa nabii.

Maulizo ya kujibu kikundini

Eliya alimwacha nani huko Beersheba? Nasi tukilemewa, twamkimbia nani?

Malaika alianza na neno gani, na kwa nini?

Ni nani katika kikundi chenu ambaye hajaonekana Dominika hizi mbili, na nani atakwenda kwake kabla ya somo lijalo?