Bima ya Gari Kabla ya Masika: Vidokezo kwa Wenye Magari Dar es Salaam

Wengi wetu hukata bima ili trafiki asitusumbue barabarani. Kisha masika yanaingia, Mto Msimbazi unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na ndipo mwenye gari anagundua kuwa bima aliyonayo haihusiki na maji hata kidogo. Kabla hujalipa ya mwaka huu, pitia haya.

1. Jua unachonunua. Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, humlipa mtu mwingine uliyemdhuru kwa gari lako. Lako likizama, hupati hata shilingi. Mafuriko yamo katika bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, na hata humo usibahatishe: kuna kampuni zinazoyaweka ndani ya mkataba wa kawaida, na zipo zinazoyauza kama nyongeza. Mwambie wakala akuonyeshe neno “mafuriko” kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo hailipi dai.

2. Piga hesabu kwanza, ndipo useme ni ghali. Kwa gari binafsi, bima ndogo ni shilingi 100,000, na kwa VAT ya asilimia 18 inafika 118,000. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT. Gari la milioni 20 litakugharimu 826,000. Tofauti ni 708,000 kwa mwaka, sawa na 59,000 kwa mwezi. Sasa jiulize: gari hili likiharibika kesho, una akiba ya kununua jingine? Kama huna, na ndilo linalokulisha, hiyo 59,000 itafute. Lakini kama gari ni kuukuu na unaishi mlimani ambako maji hayatuami, bima ndogo pamoja na akiba yako inaweza kutosha. Si kila mtu anahitaji bima kubwa.

3. Angalia gari linalala wapi, na linashinda wapi. Waulize wenyeji maji yalifika wapi mtaani kwenu katika mafuriko ya Desemba 2011. Mlinzi wa eneo la kuegesha kazini naye anajua mengi.

4. Taja thamani ya kweli. Ukiandikisha gari la milioni 20 kuwa ni la milioni 12 ili ada ishuke, fidia nayo inaweza kukatwa kwa kiwango hichohicho. Ukizidisha, huongezewi kitu, kwa sababu kampuni huangalia bei ya soko. Uliza pia ni sehemu gani ya hasara utakayobeba mwenyewe.

5. Gari likizimikia majini, usiliwashe tena! Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Hewa hubanwa ndani ya injini, maji hayabanwi. Pistoni ikiyapiga, vyuma vinavyoiendesha hupinda na injini imekwisha. Kampuni nayo inaweza kukataa kulipa, ikidai kwamba uharibifu huo umeufanya wewe. Toka salama, piga picha kina cha maji, ipigie simu kampuni, kisha gari livutwe hadi gereji. Na ukiona maji yamekatiza barabara, geuza. Sentimita 30 zinatosha kuelesha magari mengi madogo, na 60 zikitiririka huweza kubeba hata gari kubwa la juu. Roho yako haina fidia.

6. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

7. Kata mapema. Masika huanza Machi, basi Februari uwe umeshamaliza. Na ukishalipa, usiondoke kwa wakala kabla hujahakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwamba kilichosajiliwa ni bima kubwa uliyoilipia.