SOMO LA KIKUNDI: TULIPOKWAMA MOI'S BRIDGE

Lengo: Tujifunze la kufanya gari linapotuacha njiani, na jinsi ya kumsaidia mgeni anapokwama kwetu.

Muda: Saa moja na nusu. Mmoja asome hadithi kwa sauti, wengine wasikilize.

1. Hadithi yenyewe

Ilikuwa Novemba, wakati wa kuvuna mahindi. Tulitoka Kitale saa kumi na moja jioni kwenda Eldoret. Tulikuwa wanne wa kikundi kimoja, tumetumwa kwenye mkutano wa asubuhi. Ndani ya matatu tulikaa karibu na mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa na barua ya kumpeleka mtoto kwa daktari Eldoret, siku ya pili saa mbili asubuhi. Nauli tulikuwa tumelipa sote.

Kufika Moi's Bridge, mkanda wa injini ukakatika. Dereva akatuambia, "Dakika kumi tu, watu wangu." Tukaamini. Wengine wakabaki ndani ya gari, wengine wakasimama kando ya barabara na simu mkononi. Makanga akaenda kutafuta fundi na hakurudi. Zile dakika kumi zikawa saa mbili, giza likaingia, na mvua ikaanza.

Matatu zilizopita kutoka Kitale zilikuwa zimejaa. Ikitokea moja yenye nafasi ya mtu mmoja, abiria walisukumana na mwenye nguvu ndiye aliyeingia. Kwa njia hiyo wakaondoka mmoja mmoja, hata tukabaki saba. Duka nyingi zilikuwa zimefungwa. Moi's Bridge si mji wa kukesha. Mvua ikinyesha, hata mbwa wanalala mapema.

Hapo ndipo lori la mahindi likasimama. Dereva wake akasema ana nafasi ya mtu mmoja, akamwonyesha yule mama kwa kidole. Mama alikuwa ameanza kulia. Alishika mlango apande. Sisi tulinyamaza. Tunaandika jambo hili kwa aibu: watu wazima wanne tulinyamaza, kila mtu akiwaza mambo yake.

Aliyesema ni mama mwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara. Alikuja mbio na gunia kichwani kwa ajili ya mvua. "Mwanangu, hapana. Usiku huu, peke yako na mtoto, na mtu humjui? Njoo kwa moto."

Labda yule dereva wa lori alikuwa mtu mwema. Hatujui, na hata yule mama kijana hakujua. Kosa lilikuwa kumwachia achague peke yake gizani.

2. Kilichobadilika

Mle hotelini mambo yalibadilika, ingawa gari lilikuwa bado limekufa. Mtoto akapewa maji ya vuguvugu na uji. Simu zetu mbili zilizokwisha moto zikawekwa kwenye chaji. Mwenye hoteli akatuuliza kama tumekula. Kabila letu hakuuliza. Tuligundua jambo hilo baadaye, na lina uzito wake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, barabara nyingi za Uasin Gishu na jirani zilifungwa kwa mawe na magogo, na wasafiri wakaulizwa wametoka wapi na wanaitwa nani. Mpaka leo wako wasafiri wanaogopa usiku kuwakuta katika mji wasiojulikana.

Kisha akamwita mzee wa mtaa. Mzee akauliza swali moja: "Gari ni la sacco gani?" Tukatazamana. Jina liliandikwa kwenye gari, na hakuna hata mmoja aliyelisoma! Kijana mmoja akatoka na tochi, akarudi na jina na namba ya gari. Mzee alimjua mtu wa steji, akampigia simu. Baada ya maneno mengi tulirudishiwa nusu ya nauli. Kwa pesa hiyo tukakodi vyumba vitatu kwenye lojing, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Saa kumi na moja alfajiri, mtu wa steji alituwekea viti katika matatu ya kwanza. Mtoto alimwona daktari siku ile ile.

3. Mji wa wapita njia

Moi's Bridge iko pale inapokutana mipaka ya Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Cecil Hoey, aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Kisha ikaja reli kutoka Leseru, iliyofika Kitale mwaka wa 1926, na hapa pakawa na stesheni. Baadaye likaja ghala la Bodi ya Nafaka. Msimu wa kuuza mahindi, malori hupanga foleni, na mwenye mahindi anaweza kulala kwenye lori siku kadhaa akingoja kupimiwa.

Kwa hiyo mji huu uliota mahali ambapo watu walilazimika kusimama. Wenyeji wanajua nani anafungua mlango usiku, lojing ipi ni salama, na matatu ya kwanza inapita saa ngapi. Ujuzi huo ulikuwepo tangu dakika ya kwanza, hatua thelathini kutoka kwetu. Sisi hatukuuliza.

4. Tuliyojifunza

(a) "Dakika kumi" ziwe na mwisho. Nusu saa ikipita, amueni jambo wakati bado kuna mwanga.

(b) Jihesabuni. Ni nani ana mtoto, mgonjwa, mzee, au mwanafunzi aliye peke yake? Hao wapate kiti cha kwanza kinachopatikana, na wasipande gari wasilolijua bila mwenzao.

(c) Someni gari kabla ya kupanda. Matatu sharti iwe chini ya sacco au kampuni. Andika jina hilo na namba ya gari, hata kwenye kiganja.

(d) Daini kwa umoja, bila matusi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu anayelipia huduma haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, ya usalama wake kulindwa, na ya fidia akipata hasara kwa ajili ya huduma mbaya. Mmoja akidai anaitwa mkorofi. Saba wakidai wanasikilizwa.

(e) Ulizeni wenyeji mapema. Mwenye hoteli, mzee wa mtaa, kituo cha polisi. Kwa hatari, piga 999 au 112. Ukiwa na mgonjwa, uliza kwanza kituo cha afya kiko wapi. Sisi tulisahau kabisa.

(f) Weka akiba ya safari. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, mtu wa nyumbani anaweza kukutumia nauli usiku. Lakini simu ikizima haisaidii. Namba mbili muhimu ziandike kwenye karatasi, na noti moja uifiche mbali na pochi.

5. Maswali ya kujadili

- Kwa nini watu wanne wa kikundi kimoja walinyamaza mama aliposhika mlango wa lori? Sisi tungefanya nini?
- Kwenye steji yetu, mgeni akikwama saa mbili usiku, anaona mlango gani ukiwa wazi? Akiwa wa kabila lingine je?
- Mwaka 2020, kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja usiku, wasafiri wengi walikutwa njiani. Nani alilala kwetu? Nani tulimfungia?

6. Kazi ya wiki hii

Watu wawili waende steji. Waandike kwenye ubao mdogo: namba ya mzee wa mtaa, ya kituo cha polisi na ya kituo cha afya, lojing inayokubalika kwa mama na mtoto, na saa ya matatu ya kwanza. Waombe duka linalochelewa kufunga liuweke ubao huo mlangoni, mahali ambapo taa inafika. Mkutano ujao watuambie kama ubao bado upo, na ni nani aliyeusoma.