Paka mzee aliyekonda: Usimshindilie chakula

PAKA wa kuokotwa huingia nyumbani kwa njia nyingi. Kuna anayejitokeza mlangoni siku ya mvua, kuna anayeachwa nyuma wenyewe wanapohama, na kuna anayeokotwa sokoni akigombania vichwa vya samaki. Akiwa bado kijana, aghalabu hunenepa mara tu apatapo chakula. Lakini akiwa mzee, mambo huwa mengine.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumpoteza mmoja. Nilimkuta nyuma ya kibanda cha samaki, mbavu zikihesabika. Kwa huruma nikamwekea bakuli la maziwa na sahani ya omena, naye akala vyote. Usiku akatapika na kuhara, na siku ya tatu akafa. Nilidhani njaa ndiyo iliyomuua, hadi daktari wa mifugo aliponieleza kwamba shibe ya ghafla nayo huua.

Leo tutajifunza jinsi ya kumrejeshea paka kama huyo uzani wake bila kumdhuru.

AMEKONDA KIASI GANI?

Paka huhesabiwa kuwa mzee akifikia miaka 11 hivi. Paka wa miaka 15 ni sawa na binadamu wa miaka 76. Daktari hukadiria umri wa paka asiyejulikana alikotoka kwa kutazama meno, macho na manyoya.

Mpapase mgongoni na ubavuni. Mbavu za paka mwenye afya huguswa kwa urahisi lakini hazionekani. Ukiona mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga imechomoza, huyo amekonda sana.

Kisha mpime. Paka wengi waliokomaa huwa na kilo 3 hadi 5. Mtie kikapuni, umpeleke kwenye mizani ya dukani, halafu utoe uzani wa kikapu. Andika tarehe na uzani katika daftari. Bila daftari hilo hutajua kama jitihada zako zinafaulu, kwani macho hudanganya.

TAFUTA CHANZO KWANZA

Uzee peke yake haumkondeshi paka. Karibu kila mara kuna sababu, na nyingine haziponi kwa chakula. Mwangalie kwa makini siku mbili za kwanza:

- Anataka kula lakini anadondosha chakula, anatoa udenda au anatafuna kwa upande mmoja: huenda meno au fizi zinamuuma.

- Anakula sana na bado anakonda, hatulii, analia usiku: huenda tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwa paka wazee.

- Anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara: yaweza kuwa figo au kisukari. Wa figo huwa pia na pumzi inayonuka na hamu ndogo ya chakula.

- Tumbo limevimba, manyoya hayang'ai, anahara: huenda ana minyoo.

Kuna pia virusi vya paka vinavyofanana na vya Ukimwi. Usiogope, kwani havimwambukizi binadamu.

Dalili hizi hufanana, kwa hivyo ni vyema daktari wa mifugo ampime damu na mkojo. Hili si jambo la anasa. Paka wa figo na paka wa kisukari hawalishwi namna moja, na ukikosea utamzidishia ugonjwa.

SIKU TANO ZA KWANZA

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa umeishiwa na madini. Chakula kingi kikiingia ghafla, madini machache yaliyobaki katika damu, hasa fosforasi na potasiamu, hukimbilia ndani ya seli. Damu ikipungukiwa hivyo, misuli hulegea na moyo unaweza kusimama. Kwa hivyo panda ngazi polepole.

Tuchukue mfano wa paka wa kilo 2 na nusu. Akiwa ametulia, mwili wake huhitaji kalori 140 hivi kwa siku. Gramu 85 za nyama ya kuku iliyochemshwa, bila ngozi wala mifupa, hutoa kiasi hicho. Mpe hivi:

Siku ya 1: robo ya kiasi hicho, yaani gramu 20 hivi.
Siku ya 2: nusu, gramu 40 hivi.
Siku ya 3: robo tatu, gramu 65 hivi.
Siku ya 4 na 5: gramu zote 85.

Gawa chakula cha siku mara nne hadi sita. Akitapika, akilegea au akihara sana, usiongeze. Mpeleke kwa daktari. Paka aliyebaki mifupa mitupu ni heri atunzwe na daktari tangu siku ya kwanza.

Akivumilia vizuri, endelea kuongeza kidogo kidogo hadi kiasi cha uzani unaoutaka. Ukitaka afike kilo 4, utamfikisha kwenye kalori 200 hivi, yaani gramu 120 za kuku kwa siku.

CHAKULA GANI?

Paka ni mla nyama. Ugali na maziwa humjaza tumbo tu. Anahitaji kitu kiitwacho taurini kinachopatikana katika nyama na samaki. Akikikosa muda mrefu, huweza kupofuka na moyo wake kudhoofika. Moyo wa kuku na nyama ya paja vina taurini nyingi. Kwa kuwa nyingine hutoka na maji ya kuchemshia, usiyamwage. Mnyunyizie juu ya chakula.

Omena ni wazuri pia. Waoshe mchanga, uwachemshe, uwaponde. Yai lililoiva lafaa mara moja moja. Maini yasizidi kijiko kimoja au viwili kwa juma, kwani vitamini A ikizidi huharibu mifupa. Samaki wabichi wasiwe chakula cha kila siku, maana baadhi yao huharibu vitamini B1.

Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Kwa hivyo akishapata nguvu, mzoeshe chakula cha paka kilichotengenezwa kiwandani, kikavu au cha mkebe, ukichanganya na cha nyumbani.

Paka mzee hunusa kwa shida, na asiponusa hali. Pasha chakula moto kidogo, kiwe vuguvugu. Kiweke mahali patulivu, mbali na mbwa na paka wengine. Akiumwa na viungo, inua sahani juu ya kitofali ili asiiname sana. Maji safi yasikosekane.

Usimlazimishe kwa kumsukumia chakula kooni, kwani kinaweza kuingia mapafuni. Hata hivyo, usisubiri pia. Paka asiyekula kwa siku mbili mfululizo ni mgonjwa wa dharura, kwa sababu mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba.

MAMBO YA KUEPUKA

Parasetamoli: hata kipande cha tembe moja chaweza kumuua paka. Usimpe dawa yoyote ya binadamu.

Dawa za viroboto za mbwa na za kuogeshea ng'ombe: nyingi zina sumu kali kwa paka.

Vitunguu, vya maji na saumu: huharibu damu yake. Usimpe mabaki ya mchuzi uliokaangwa navyo.

Maziwa ya ng'ombe: paka wengi waliokomaa huhara wakiyanywa.

Dawa ya minyoo: hutolewa kulingana na uzani. Usikisie.

AFYA YENU NYUMBANI

Paka asiyejulikana alikotoka anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo yake.

Mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka, kwani chaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Watoto nao wanawe mikono baada ya kumshika.

SUBIRA

Mpime kila juma, siku ile ile, kwa mizani ile ile. Paka wa kilo 2 na nusu akiongeza gramu 25 hadi 50 kwa juma, anaendelea vyema. Hesabu hiyo ina maana kwamba kumfikisha kilo 4 ni kazi ya miezi mingi wala si ya mwezi mmoja. Akikaa majuma matatu bila kuongezeka, au akipungua, rudi kwa daktari pamoja na daftari lako.

Wapo watakaofikia kilo 3 tu na kubakia hapo. Ikiwa anakula, anajilamba na anaota jua kwa raha, umemsaidia vya kutosha.