Fangasi Wanaojirudia kwa Mama Mjamzito: Somo kwa Kamati za Sharika

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo kamati zetu nyingi zingependa lipite kimya kimya: ugonjwa wa fangasi ukeni unaomrudia mama akiwa mjamzito. Mzee mmoja wa kanisa alipoona kichwa cha somo aliniuliza kama nisingeweza kuandika juu ya vyoo. Vyoo tumeandika, na tutaandika tena. Lakini habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 tunazisoma madhabahuni bila haya, halafu mama wa usharika wetu akiwashwa tunamwambia hayo ni mambo ya chumbani. Nimeona nyumba zikitikisika kwa sababu ya ugonjwa huu, na mojawapo ni yangu. Mke wangu amesoma somo hili kabla yenu na ameruhusu niandike.

Ilikuwa mwaka 2011, akiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Mwezi wa nne alianza kuwashwa na kutokwa na uchafu mweupe mzito, kama maziwa yaliyoganda. Alipata dawa, akapona. Baada ya wiki chache ukarudi. Safari hiyo alisikia pia maumivu wakati wa kukojoa, na muuza dawa mmoja akamwambia ni ugonjwa wa njia ya mkojo, akampa antibiotiki. Ukarudi mara ya tatu, mkali kuliko mwanzo. Hapo ndipo mimi, mtu mwenye shahada, niliyekuwa nafundisha vijiji kupanga miradi, nilipoanza kuhesabu moyoni siku nilizokuwa safarini. Sikumwuliza kitu. Kwa siku tano tulisalimiana tu. Mwishowe tulikwenda kliniki pamoja, na muuguzi, mama wa makamo, alitueleza kwa nusu saa mambo ambayo nilipaswa kuyajua siku nyingi. Sehemu kubwa ya somo hili ni maelezo yake, pamoja na niliyojifunza baadaye.

La kwanza ni kwamba fangasi hawa, wanaoitwa kandida, kwa kawaida hawaletwi na mtu. Wanawake wengi wanao mwilini bila dalili yoyote. Ukeni wanaishi pamoja na bakteria wema wanaotengeneza asidi na kuweka mazingira sawa. Inakadiriwa kwamba wanawake 3 kati ya 4 huugua fangasi ukeni angalau mara moja maishani, wakiwemo waaminifu kabisa katika ndoa zao. Kwa hiyo ugonjwa huu hauwekwi katika kundi la magonjwa ya zinaa, na mume hahitaji kutibiwa isipokuwa naye awe na mwasho au vipele.

Kwa nini basi ujauzito? Mimba inapokua, homoni ya estrojeni huongezeka sana. Homoni hiyo hufanya kuta za uke zihifadhi sukari nyingi zaidi iitwayo glaikojeni, na sukari hiyo ni chakula cha fangasi. Kinga ya mwili nayo hubadilika kidogo ili mwili umpokee mtoto. Dawa huwapunguza fangasi, lakini kilichowastawisha bado kipo mpaka mama ajifungue. Ndiyo maana mama anaweza kutumia dawa vizuri, akapona, na baada ya mwezi akaanza tena. Baada ya kujifungua tatizo hili mara nyingi hutulia.

Antibiotiki nazo zina sehemu yake. Zinaua bakteria wabaya na wale wema pamoja, na fangasi, ambao hawauawi na antibiotiki, wanabaki na uwanja mtupu. Hivyo ndivyo ilivyotokea nyumbani kwangu. Maumivu ya kukojoa hayakuwa ya kibofu. Ngozi ya nje ilikuwa imechubuka, na mkojo ulipoigusa iliunguza. Mama mwenye dalili hiyo apimwe mkojo kabla ya kumezeshwa chochote.

Tiba iliyo salama kwa mjamzito ni dawa ya kuweka ukeni, kama klotrimazoli, kila usiku kwa siku 7 mfululizo. Wengi wanaacha usiku wa tatu kwa sababu mwasho umetulia. Zipo pia dozi za siku moja, lakini katika ujauzito hazifanyi kazi vizuri kama dozi ya siku 7. Mama anawe mikono kwanza, alale, aweke dawa taratibu. Kidonge kinaweza kuwekwa kwa kidole safi, na kama anatumia kijiti cha kuingizia asisukume kwa nguvu. Wenye kutumia kondomu wajue kwamba dawa hizi zinaweza kudhoofisha mpira wake.

Flukonazoli, ile kapsuli ya kumeza ambayo wengi wanaipenda kwa sababu ni moja tu na kazi imekwisha, isitumiwe na mjamzito bila uamuzi wa daktari. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2016 kutoka Denmark uliihusisha na kuharibika kwa mimba, na mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari. Nasisitiza jambo hili kwa sababu muuza dawa hawezi kujua kuwa mama ana mimba ya miezi miwili asipoambiwa. Mama aseme. Na kama aliyetumwa dukani ni mume, basi mume aseme.

Sasa niseme jambo ambalo linanikera kidogo. Katika semina zetu, kila ninapofika kwenye kipengele hiki, yupo anayesimama kutangaza tiba yake: kitunguu saumu, ndimu, maji ya chumvi, sabuni ya kufulia. Uke hauoshwi ndani. Maji safi kwa nje yanatosha. Ukiuosha ndani kwa sabuni au ndimu unachubua ngozi na kuwafukuza wale bakteria wema. Chupi ya pamba isiyobana inasaidia, na pia kubadilisha haraka nguo zilizolowa.

Pamoja na hayo, kamati zisiende kutangaza kwamba kila uchafu ukeni ni fangasi. Ute mweupe mwepesi usiowasha na usionuka huongezeka kwa kila mjamzito, nao si ugonjwa. Lakini majimaji ya kijivu yenye harufu kama ya samaki yanaonyesha kuwa bakteria wamevurugika, na hali hiyo imehusishwa na kuzaa kabla ya wakati. Uchafu wa njano au kijani wenye povu unaweza kuwa trikomona, ambayo ni ya zinaa, na hapo mume lazima atibiwe. Mama mwenye vidonda, homa, maumivu chini ya kitovu, damu, au maji yanayochuruzika bila kukoma asisubiri tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo.

Fangasi wanaporudi mara tatu au zaidi, kliniki inapaswa kutafuta sababu nyingine. Sukari ya damu ipimwe, maana kisukari cha ujauzito huwalisha fangasi. Majibu ya kipimo cha VVU yaangaliwe upya, kwa siri na bila kumhukumu mtu. Mke wangu alipimwa vyote. Sukari ilikuwa sawa na VVU hakuwa navyo. Alitibiwa tena siku 7, akapata nafuu, ukarudi mara moja zaidi mwezi wa nane. Mtoto alizaliwa salama. Wiki ya pili aliota utando mweupe mdomoni, ambao pia ni fangasi, akapewa dawa ya matone ukaisha. Kwa kawaida hayo ndiyo madhara yanayompata mtoto, na mama anaendelea kunyonyesha.

Wahisani wetu wamekuwa wakiuliza fedha kidogo zinaweza kufanya nini katika jambo kama hili. Zahanati nyingi za vijijini hazina darubini, kwa hiyo mhudumu anatibu kwa kuangalia dalili. Karatasi ya kupimia asidi, ambayo haina gharama kubwa, inamsaidia: kwa fangasi kipimo kwa kawaida hubaki chini ya 4.5, na kwa trikomona au bakteria waliovurugika hupanda juu ya hapo. Kuna pia suala la dawa yenyewe. Stoo ikiwa tupu, mama anapelekwa dukani kununua, na pale dukani ananunua anachoweza, si alichoandikiwa.

Kamati ikikaa, nawaomba mjadili maswali machache. Katika usharika wenu, mwanamke mwenye tatizo hili anamwambia nani kwanza, na huyo anamjibu nini? Wanaume wangapi waliwasindikiza wake zao kliniki mwaka huu, nanyi wajumbe mkiwemo? Mnunuzi katika duka la dawa la kijijini kwenu anaulizwa kama dawa ni ya mjamzito? Na chumba cha kupimia wajawazito katika zahanati yenu kina mlango unaofungika, au ni pazia tu, watu wakiwa wamekaa kwenye benchi upande wa pili?