Inua Matandiko Uutazame Mgongo
Kijitabu kwa wenye punda wa Lamu na kwa wenye kuwakodi

Sababu ya kuandikwa

Kijitabu hiki kimetolewa kwa kuwa malalamiko yamezidi. Wazee wa mitaa ya Mkomani na Langoni, walimu wa madrasa na wa skuli, akina mama wauzao gatini, na hata wageni wanaokaa siku chache kisha wakarejea kwao, wamekuwa wakituletea habari ile ile: kwamba wamepishana kichochoroni na punda aliyetwikwa mifuko ya saruji, usaha unamchuruzika ubavuni kutoka chini ya matandiko, na kijana aliyemfuata nyuma anamchapa ili aongeze mwendo. Sisi ambao tumekabidhiwa afya ya wanyama tunaijua habari hiyo, maana tumeiona kwa macho yetu, na tumetambua kwamba kuendelea kuisikiliza na kunyamaza kungekuwa kushiriki katika dhuluma.

Tunafahamu pia kwamba wengi katika wasomaji wetu hawapendi kufundishwa na afisa namna ya kumtunza punda, ilhali babu zao walifuga punda kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa kisiwani. Insafu yatulazimisha kuikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Mji wa Lamu, ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, umejengwa kwa vichochoro ambavyo gari haliwezi kupenya, na mawe ya matumbawe, chokaa, boriti na magunia ya unga yaliyoingia katika majumba yake yamepita juu ya mgongo wa punda au juu ya bega la hamali. Ujuzi wa kumwendesha mnyama huyu, kumzuia kwa sauti tu, kumjua kwa mlio wake gizani, hautoki ofisini. Walakini liko jambo moja ambalo ujuzi huo umeanza kulisahau kwa sababu ya haraka ya fedha, nalo ndilo tutakalolisema na kulirudia mpaka likere: usimtandike punda kabla ya kuutazama mgongo wake, na ukikuta kidonda, usimtwike.

Kidonda kinavyozaliwa

Kidonda cha mgongo huanza na kitu kidogo mno: fundo la kamba lililoachwa ndani ya gunia lililokunjwa, mshono mgumu wa turubai, punje za mchanga wa ujenzi zilizopenya chini ya shogi, au jasho la jana lililokauka likaacha chumvi. Mzigo ukiwekwa juu yake na punda akaondoka, kitu hicho husugua mahali pamoja kwa kila hatua, kutoka gatini mpaka nyumba inayojengwa, na kurudi, na kwenda tena. Manyoya hunyonyoka, ngozi ikapata joto na kuvimba, kisha ikapasuka, inzi wakatua, na kwa kuwa hapapewi nafasi ya kupona, pakachimbika ndani kuelekea uti wa mgongo. Mwenye punda aliyekuwa na nafasi ya kuliondoa fundo lile kwa vidole viwili asubuhi moja hujikuta amepoteza kazi ya wiki nyingi, na pengine amempoteza punda mwenyewe, kwa sababu kidonda ni mlango wa pepopunda, maradhi ambayo viini vyake hukaa katika udongo na samadi, na ambayo yakimshika punda humkaza taya na viungo, na wanaonusurika ni wachache.

Kinachowadanganya watu ni subira ya mnyama huyu. Punda ametokana na punda mwitu wa Afrika, na amefugwa na binadamu kwa yapata miaka 7,000, walakini tabia ya jangwani haikumtoka: mnyama aliyeonyesha udhaifu huko ndiye aliyewahiwa na mnyama mkali, na kwa hiyo punda hujifunza kuficha maumivu yake mpaka yamzidi. Ukimwona anatembea na kula, usifanye hilo kuwa ushahidi kwamba hana kitu. Kwa kawaida dalili yake ya kwanza ni ndogo, kama masikio kulala nyuma unapokaribia na matandiko, au ngozi kutetemeka mkono unapomgusa, au teke.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Twaomba methali hiyo isiletwe wakati wa kutandika, kwa kuwa punda ambaye jana alisimama kimya na leo anarusha mguu anapoona gunia linainuliwa, anamweleza bwana wake kwa njia pekee aliyojaaliwa kwamba pana mahali panapouma. Na ile nyingine isemayo punda afe mzigo ufike, tumeisikia ikitamkwa kwa kicheko mbele ya mnyama ambaye alikuwa kweli anakufa, na tunasema bila kuficha kuwa tunaichukia.

Namna ya kutazama

Kila asubuhi, kabla ya chochote kuwekwa juu yake, msimamishe punda mahali penye mwanga. Weka kiganja kitupu kati ya mabega, ukiburure polepole kuelekea kiunoni, kwanza kwa kufuata manyoya kisha kinyume chake, upande mmoja na upande wa pili. Palipo na joto kupita penginepo, palipolowa, palipovimba, manyoya yalipovunjika yakasimama kama yaliyokatwa, au anapojikunja kuukwepa mkono wako, hapo ndipo. Pitisha vidole chini ya mkia inapopita kamba, na chini ya kifua unapokaza mkanda, maana kamba ya nailoni hukata nyama kama wembe, na palipo na nailoni twakusihi utie kitambaa kipana cha pamba au uirudie kamba ya makumbi iliyofungwa nguo. Mwisho, geuza matandiko yenyewe, uyapapase ndani kote. Kitu ambacho wewe usingestahimili kukilalia mgongo wazi usiku kucha, kiondoe.

Kazi yote hii haizidi muda wa kungoja chai iive. Kijana mmoja tuliyemwonyesha gatini, maji yamekupwa na majahazi ya mchanga yamelala ubavu, alituapia kwamba punda wake hana tatizo lolote ila ukaidi. Tukamwomba ainue gunia. Halikuinuka, lilikuwa limeganda mgongoni, na alipolivuta likaja na ngozi, na chini yake palikuwa na jeraha pana kadiri ya sahani, lenye funza. Kijana yule hakuwa mtu mwovu. Alikuwa akimlaza punda na matandiko yake kwa kuwa kazi huanza alfajiri, na siku nyingi zilikuwa zimepita bila kuuona mgongo wa mnyama aliyempa riziki. Basi tena: vua matandiko kila jioni, inua kila asubuhi, utazame.

Ukikuta kidonda, usimtwike. Usimtwike mzigo mdogo, usimpande mwenyewe, usimtwike kwa kuwa safari ni ya karibu. Wako wanaotoboa tundu katika matandiko ili kidonda kisiguswe, wakadhani wametenda hisani. Uzito uliotoka katikati umehamia ukingoni mwa tundu, na kidonda kitapanuka. Kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa chumvi kiasi cha kijiko cha chai katika nusu lita, umfukuzie inzi, kisha umpeleke kwa mganga wa wanyama. Usikitie maji ya betri, wala oili chafu ya injini, wala majivu, wala chuma cha moto. Dawa hizi huua nyama iliyokuwa ikijaribu kufunga, na mtu azitiaye humwadhibu mnyama mara mbili kwa kosa ambalo si lake.

Uzito na umri

Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Punda wa kisiwani ni mdogo wa umbo, aghalabu kilo 150 au chini yake, na kipimo cha wataalamu ni kwamba punda mzima mwenye afya asibebeshwe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Hesabu hiyo haihitaji karani: kwa punda wa kilo 150 mfuko mmoja ndio kikomo, nao ugawanywe pande mbili za shogi, na wa pili ni dhuluma; aliye chini ya hapo apunguziwe. Punda asianze kubeba kabla ya kutimiza miaka minne, kwa kuwa mifupa yake haijakomaa. Mwenye mimba, ambayo huchukua mwaka mmoja hivi, apunguziwe kazi na hatimaye apumzishwe. Ampatie maji safi kila mwenye kumtumia, maana punda hukataa maji machafu hata akiwa na kiu. Na mifuko ya plastiki isiachwe majaani wanakochokora punda waliofunguliwa, kwa sababu wanaila, ikawajaa tumboni na kuwaletea msokoto wa tumbo usio na tiba nyepesi.

Punda na mwenziwe

Jambo hili watu wachache hulizingatia, na sisi tunalipenda kulieleza. Punda hujichagulia rafiki. Watazame jioni pwani, kazi imekwisha: wawili husimama shingo juu ya shingo, kila mmoja akimkuna mwenziwe kwa meno mahali ambapo mwenyewe hapafikii, na wakitenganishwa kwa ghafla, mmoja akauzwa kijijini Matondoni na mmoja akabaki mjini, aliyebaki huweza kuacha kula. Kuacha kula kwa punda ni hatari kupita kwa wanyama wengine, kwa kuwa mafuta ya mwilini humwagika katika damu yake na kumharibu ini, naye akafa katika siku chache kwa jambo lililoanza kama huzuni. Kwa hiyo ukimpeleka punda mgonjwa kutibiwa, mlete na rafiki yake afuatane naye. Na mmoja akifa, usimwondoe mwenziwe mbio. Mwache akae karibu na maiti, amnuse, mpaka mwenyewe aondoke. Wenye kuwachunguza punda kwa miaka mingi wameona kwamba aliyepewa nafasi hiyo hutulia upesi, na asiyepewa huzunguka akiita.

Na juu ya kumhurumia mnyama, masheikh wetu wamesimulia mara nyingi habari ya ngamia wa Madina, ambaye alipomwona Mtume (S.A.W.) akiingia shambani alilia machozi yakamtiririka, na Mtume akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenye ngamia na kumtaka amche Mwenyezi Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, kwa kuwa amemshtakia njaa na uchovu. Huu ni mji wa Maulidi, na mashindano ya punda ni katika furaha zake. Punda mwenye kidonda asiletwe katika mashindano hayo, hata kama ndiye mwenye mbio kuliko wote.

Matibabu na sheria

Hakuna atakayesema kwamba hana pa kwenda. Tangu mwaka 1987 mji huu una hospitali ya punda, iliyofunguliwa na jumuiya ya The Donkey Sanctuary ambayo Bi Elisabeth Svendsen aliiasisi Uingereza mwaka 1969, na punda hutibiwa humo pasipo malipo. Tunaona fahari, na tunaona ni haki kuitamka, kwamba vijana waliokuwa wakikimbia walipowaona waganga wa wanyama sasa huwaleta punda wao kwa hiari, na kwamba wengine wamekuwa wakiwafundisha wenzao. Anayeleta punda awe mwenyewe au mtu aliyetumwa naye. Habari nyingine za utaratibu ataelezwa akifika.

Na asiyeguswa na huruma aguswe na sheria. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayempiga mnyama kikatili, anayemtwika kupita uwezo wake, na anayemtumikisha ilhali ugonjwa au jeraha limemfanya asifae kwa kazi hiyo. Kutojua kwamba kuna kidonda chini ya matandiko uliyoyaweka mwenyewe hakutakuokoa. Inua, utazame.

Kwa anayekodi

Tumemsema sana kijana mwenye fimbo, na haki yataka tumgeukie sasa bwana anayejenga. Kijana hulipwa kwa safari. Akibeba mfuko mmoja mmoja, hulipwa nusu ya yule anayebeba miwili, na jioni nyumbani kwake wanangoja chakula. Bei hiyo huikata mwenye nyumba au msimamizi wake, aghalabu akiwa amekaa kivulini, bila kumwona punda kabisa ila kuona mifuko ikihesabiwa mlangoni. Basi wewe uliyekodi, ukubaliane na mwenye punda bei ya mfuko mmoja kwa safari itakayomtosha kuishi, na umwambie mapema kuwa mifuko miwili huipokei. Panga kazi kwa siku zaidi badala ya kuwakimbiza wanyama wote siku jahazi linapoingia. Weka ndoo ya maji mlangoni pako. Na kabla ya safari ya kwanza, mbele ya kijana mwenyewe na bila kumdhalilisha, mwombe avue matandiko, uweke mkono wako mgongoni mwa punda, uangalie. Ukikuta jeraha, mlipe kijana ujira wa siku hiyo, mwelekeze hospitalini, na mzigo wako uungoje punda mwingine au hamali wa mkokoteni.